Kuku wa Hasira

Ijumaa ile Kaimu alirudi karakana kutoka msikitini akakuta nati ya Felisian haipo juu ya pipa. Hakuuliza nani kaitoa. Mkono uliozoea kupita pale aliujua vizuri, na damu ikampanda kichwani hapo hapo, kofia yake ya swala ikiwa bado mkononi.

Pipa lenyewe lilikuwa la mafuta, limepinduliwa mlangoni mwa karakana pale Nachingwea. Kila mchezaji wa timu ya Karakana alikuwa na nati yake, imetiwa alama kwa tupa, na zote zilitungwa kwenye waya ukutani. Ijumaa kabla ya swala Kaimu, mwalimu wao, alichagua kumi na moja akazipanga juu ya pipa: golikipa nyuma, mabeki wawili, kisha watatu wa kati, kisha watano wa mbele. Hapakuwa na kutangaza wala kubembelezana. Mchezaji anakuja, anatazama, anajua. Akiiona nati yake anakwenda zake kupumzika. Asipoiona, Jumatatu anarudi mazoezini na kinyongo chake kinamsaidia kukimbia. Miaka minne mambo yalikwenda hivyo, na timu ya mafundi na madereva ilikuwa imewatoa jasho watu wa Masasi na wa Lindi.

Nati ya Felisian ilikuwa kubwa kuliko zote, ya gurudumu la trekta, kwa kuwa Felisian alikuwa golikipa na mikono yake ilikuwa mipana kama sinia. Sasa mahali pake palikaa kinati kipya kinachong'aa, ambacho hakijawahi kukaza kitu chochote duniani. Kilikuwa cha Seleman, mpwa wa mwenye timu.

"Mtani wako kapita," alisema Andrea, winga wa kushoto, aliyekuwa amelala chini ya lori akifungua ekseli. Alikuwa anacheka. "Kasema amekuibia. Kasema ukikasirika umletee kuku wake dukani."

Kaimu hakucheka. Alikitoa kile kinati akakitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, akairudisha nati ya Felisian kutoka sakafuni ilikotupwa, akavaa kofia yake na kutoka.

Mtani huyo alikuwa Awadhi, mtu wa Nambambo, mnunuzi wa ufuta mwenye malori mawili na duka kubwa hapo mjini. Ndiye aliyekuwa mwenye timu, na si kwa jina tu. Mpira wa ngozi alinunua yeye, jezi alinunua yeye, na lori la kuwapeleka wachezaji ugenini lilikuwa lake na petroli yake. Mradi wa karanga ulipokufa, Wazungu wakafunga makambi na kuyaacha matrekta yaote nyasi, timu isingepata hata pampu ya kujazia mpira kama si Awadhi. Haya Kaimu hakuyakana hata siku moja. Mwenye haki apewe haki yake.

Lakini Awadhi alikuwa na kitu kingine zaidi ya fedha. Ukoo wake na ukoo wa Kaimu, watu wa Chinongwe, walikuwa watani tangu enzi za mababu, tangu babu wa mmoja alipomzika babu wa mwenziwe njiani wakati wa njaa, pasipo ndugu wa kushika hata miguu ya maiti. Mtani huingia kwako akachukua jembe, kuku, hata shuka uliyoanika, nawe huna la kusema. Atakutukana mbele ya wanao, nawe ukamrudishia. Siku ukifa, mtani ndiye anayeingia kaburini kabla yako, akajilaza na kusema hatoki mpaka apewe chochote, na watu hucheka katikati ya kilio. Sharti ni moja tu, kutokasirika. Anayekasirika hulipa kuku, na kuku huyo, kuku wa hasira, ni aibu ambayo husimuliwa mpaka kwa vitukuu. Kaimu alikuwa na miaka arobaini, alikuwa amekwenda vitani Burma akiwa keya, askari wa Mwingereza, na kurudi, na hakuwahi kusikia kwamba kuku huyo amelipwa. Watu walikuwa radhi kuibiwa.

Hapo ndipo Awadhi alipomweza.

Mara ya kwanza alipohamisha nati, ilikuwa ya Andrea huyo huyo. Aliipeleka kushoto, akasema, "Mtani, nimekuibia," akakimbia na tumbo lake kama mtoto. Kaimu alicheka mpaka machozi. Tena Andrea alipocheza kushoto alifunga mawili, ikawa furaha. Hilo ndilo lililomuuma Kaimu baadaye kuliko yote: kwamba mlango aliufungua mwenyewe, kwa kicheko chake mwenyewe. Mara ya pili Awadhi alimtoa Ildefonsi, beki mzito asiyepitika, kwa sababu alimpita sokoni bila kumsalimu. Mechi mbili Ildefonsi alikaa chini ya mkorosho akitafuna majani, na mechi zote mbili walifungwa. Kaimu alipokwenda kusema, Awadhi alimjibu kwa tusi la kitani, watu wakacheka, na maneno ya Kaimu yakapotelea kwenye kicheko.

Safari hii haikuwa Ildefonsi. Felisian alikuwa amepunguzwa kazini tangu mwezi wa Ramadhani, yeye na wenziwe thelathini, na mkewe Lusiana alikuwa na mimba ya miezi saba. Bandari mpya ya Mtwara ilikuwa inaandika watu, na wakubwa wa kule walipenda mpira. Mtu wao mmoja, Bwana Salimu, alikuwa ametuma salamu kwamba Jumapili atapita Ruangwa kutazama mechi ya ngao, na kwamba anatafuta golikipa. Kaimu alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Felisian. Alikaa kwenye kigoda, akapewa uji, akasema mbele ya Lusiana, "Jumapili yuko golini. Hilo liwekeni moyoni." Lusiana hakushukuru kwa maneno. Aliingia ndani akarudi na yai moja la kuchemsha, ambalo bila shaka lilikuwa lake yeye mwenye mimba, akamwekea mgeni mkononi.

Ndilo yai Kaimu alilokuwa akilifikiria alipokuwa akiivuka barabara kwenda dukani.

Awadhi alikuwa barazani juu ya gunia, amezungukwa na watu watano au sita waliokuja kupima ufuta na wakaamua kukaa. Alimwona Kaimu kwa mbali, akapaza sauti.

"Haya, shikeni kuku zenu! Mtu wa Chinongwe huyo anakuja!"

"Awadhi," Kaimu alisema, "nati ya Felisian umeitoa kwa nini?"

"Salamu kwanza, mla panya wewe. Baba yako hakukufunza?"

"Nimekuuliza kitu."

"Naye baba yake alikufa akidai shingo ya kuku," Awadhi aliwaambia wale watu, na wote wakaangua kicheko. Kisha akamgeukia, akashusha sauti kidogo, kwa wema kabisa. Alikuwa mtu mwema, na hilo nalo lilikuwa sehemu ya balaa. "Sikia, mtani. Mwana wa dada yangu, huyu Seleman, anataka kuoa Ruangwa. Binti wa Mzee Swalehe, mwenye timu yao. Wakwe watakuwepo wote pale uwanjani. Nataka wamwone kijana amesimama golini na sweta ya kijani. Siku moja tu. Felisian atacheza siku nyingine."

"Felisian hana siku nyingine. Mtu wa bandari anakuja Jumapili."

"Mtu wa bandari atakuja tena. Wakwe hawaji mara mbili."

"Seleman hajui kudaka hata embe linaloanguka!"

Kicheko kikubwa. Mzee mmoja alijipigapiga mapajani.

"Awadhi, lori lako likiharibika unafanya nini?" Kaimu alisema. "Unaniletea ufunguo. Unakaa kwenye benchi unakunywa chai yako, na hata siku moja hujaniambia toa boliti hii, weka ile. Kwa nini? Lori si lako? Petroli si yako? Unaogopa litakuua mlimani. Lakini watu wangu kumi na moja unaingiza mkono humo kama unachagua dagaa!"

"Lori halina wakwe, mtani," Awadhi alisema, na baraza zima likalia kwa kucheka.

Kaimu alimtukana. Alimtukana kwa dhati, matusi ya kambini yenye mizizi, matusi ambayo akimwambia mtu mwingine yeyote pale Nachingwea yangemwaga damu. Alimwita mwizi, alimwita mwanamume asiye na neno, alimwambia kwamba anachezea watu kwa kuwa amezoea kuchezea mizani. Na kila tusi lilivyozidi kuwa kali, ndivyo watu walivyozidi kufurahi, na Awadhi mwenyewe alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kanzu akisema, "Leo kaamka vizuri! Leo mtani kaamka vizuri!" Alidhani kweli. Hilo ndilo lililomvunja Kaimu nguvu. Awadhi hakuwa anajifanya hata kidogo. Alimtazama mtu anayewaka mbele yake kwa hasira akaona mtani wake mpendwa yuko kwenye siku yake ya raha.

Alirudi karakana, akashika spana, akaendelea na kazi.

Jumapili wakapanda lori juu ya magunia matupu, wakala vumbi la barabara mpaka Ruangwa. Kaimu alikuwa ameilinda nati ya Felisian pale juu ya pipa siku nzima ya Jumamosi, na akajiona mjinga baadaye, maana kilichohitajika hakikuwa nati. Kilikuwa sweta. Walipofika uwanjani Awadhi alishuka mbele akiwa na fungu la jezi kwapani, akagawa mwenyewe mmoja mmoja, na sweta ya kijani akamvalisha Seleman kichwani kama mtu anayemvalisha mwali.

Felisian alimtazama Kaimu mara moja tu. Kisha akaenda akakaa nyuma ya goli, miguu imenyooshwa, mikono yake mikubwa juu ya mapaja, na macho yake yakitazama chini.

"Mtani, tabasamu basi!" Awadhi aliita akielekea kwenye viti. Viti vilikuwa vitatu, vya mbao, chini ya turubai: Mzee Swalehe katikati, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe na macho makavu, Awadhi kulia kwake, na kushoto Bwana Salimu wa bandari, kijana wa suruali fupi aliyekuja na pikipiki na alikuwa na haraka ya kuiwahi njia ya Lindi kabla ya giza.

Mwalimu wa shule aliyekuwa refa alipuliza, na dakika ya sita Ruangwa wakafunga. Mpira ulikuwa wa polepole, ungeweza kuokotwa na bibi kizee mwenye kikapu. Seleman alipiga goti, akafungua mikono, na mpira ukampita katikati ya miguu. Alikuwa kijana mzuri, msafi, mwenye nywele zilizopakwa mafuta, na hakuwa na kosa lolote ila kwamba hakuwa golikipa. La pili alilitokea vizuri, akaruka, isipokuwa aliruka upande mwingine. La tatu, Ildefonsi aliuzuia mpira kwa kifua, ukamrudia Seleman mikononi, akaupangusa vumbi, akauachia ukaingia golini.

Kaimu alikuwa anakwenda huku na huku kwenye mstari. "Awadhi!" alipiga kelele kuvuka uwanja. "Awadhi, mharibifu wewe, tazama kazi yako!" Na watu wa Ruangwa, walipoambiwa kwamba hao ni watani, walimshangilia. Walimpisha apite. Kila alipofungua mdomo walinyamaza kusikiliza tusi linalokuja, kisha wakapasuka. Mchekeshaji wa bure! Alimwona Awadhi amemwinamia Mzee Swalehe, anamweleza, anamwonyesha kwa kidole kwa fahari: huyo ndiye mtani wangu. Kisha akamwona Bwana Salimu anatazama saa yake.

Refa akapuliza mapumziko. Matatu kwa bila. Bwana Salimu akainuka, akapangusa suruali, akaanza kumpa mkono Mzee Swalehe.

Siku zile mchezaji hakubadilishwa hovyo. Golikipa peke yake ndiye aliyeruhusiwa, tena mpaka wenye timu wote wawili wakubaliane. Kaimu alilijua hilo. Angeweza kumvua Seleman sweta kwa nguvu na isingefaa kitu. Neno la Awadhi lilitakiwa, na Awadhi hakuwa na masikio, alikuwa na kicheko tu.

Pembeni mwa uwanja palikuwa na mama mmoja anauza mihogo ya kuchemsha, na karibu na miguu yake kuku watatu wamefungwa kwa ukambaa. Kaimu alimwendea. Alitoa mfukoni kila kilichokuwemo, hata hakuangalia ni kiasi gani, akambwagia kwenye ungo. Akamchukua kuku mwekundu kwa mabawa.

Akakata uwanja katikati. Watu walipomwona na kuku walianza kucheka mapema, wakijua linakuja jambo. Awadhi naye alifungua mikono yake miwili.

"Enhe! Umemwiba wapi huyo?"

Kaimu alimweka kuku mapajani pake.

"Hakuibwa," alisema. "Nimemnunua. Ni kuku wa hasira. Nimekasirika, Awadhi."

Kicheko kiliendelea kidogo, kwa nyuma, kwa wale wasiosikia. Mbele kilikuwa kimekwisha kukatika. Mzee Swalehe alisimama polepole kutoka kwenye kiti chake. Alimtazama yule kuku, akamtazama Kaimu.

"Nani alikudai kuku?" aliuliza.

"Hakuna aliyenidai, mzee. Nalipa mwenyewe."

"Unajua unachofanya, mwanangu?"

"Najua."

Sasa uwanja mzima ulikuwa kimya, mpaka kuku akasikika akikoroma kooni. Awadhi alikuwa amemshika bila kujua amemshika. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeamshwa kwa maji. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alikuwa anamtazama Kaimu na kumwona, na Kaimu, ambaye kwa siku tatu alitamani jambo hilo tu, aliona huruma ikimpita ndani, akaifukuza.

"Umekasirika kweli?" Awadhi alisema kwa sauti ndogo. "Tangu lini?"

"Tangu Ildefonsi. Tangu kabla ya Ildefonsi. Ijumaa nilikutukana barazani kwako kwa moyo wangu wote, ukacheka. Uliingia kwenye kazi yangu kwa mlango wa utani ukauharibu utani na kazi pamoja. Nilimpa mtu neno langu mbele ya mkewe, nikala yai lake, na wewe ukalichukua neno langu kama unavyochukua jembe. Mtani huchukua jembe! Hachukui chakula cha mtoto ambaye hajazaliwa. Sasa mtoe Seleman golini. Bwana huyu anaondoka."

Bwana Salimu alikuwa amesimama na funguo za pikipiki mkononi, hajui atazame wapi.

Awadhi alipata sauti yake, na haikuwa ile iliyozoeleka. Ilikuwa kavu. "Timu ni yangu, Kaimu. Mpira wangu, jezi zangu. Hata suruali uliyovaa ulipewa na fundi cherehani wangu."

"Ni yako. Ndiyo maana nakuomba. Ingekuwa yangu ningekwisha kumtoa."

"Ukinitolea kijana mbele ya wakwe zangu, baina yangu na wewe hakuna utani tena. Wala baina ya nyumba na nyumba."

"Jamani," Mzee Swalehe alisema, "hilo si neno la kutamkwa uwanjani."

"Basi hakuna utani," Kaimu alisema. "Mtoe."

Awadhi alipunga mkono mmoja kuelekea golini, kama mtu anayefukuza nzi, na Mzee Swalehe akamtikisia kichwa refa.

Kipindi cha pili Felisian alicheza kama mtu anayebomoa ukuta. Aliupangua mpira wa kwanza kwa ngumi, wa pili akaulalia katikati ya miguu ya watu wawili, na ulipokuja mkwaju wa penalti alisimama, akangoja, akaudaka kifuani ukalia kama ngoma. Andrea alifunga moja, kisha jingine. Walifungwa matatu kwa mawili. Lakini Bwana Salimu alikuwa amekaa tena kwenye kiti chake tangu ule mpira wa kwanza, na jua lilipokuwa linashuka alimwita Felisian kando, akaandika jina lake kwenye kijitabu, akachana karatasi nyingine akamwandikia barua. Mwisho wa mwezi afike Mtwara na barua hii.

Felisian alikuja kwa Kaimu na karatasi imetandazwa kwenye viganja vyake kana kwamba ina maji. Alitaka kusema kitu. Kaimu alimwambia, "Panda lori, mkeo anakungoja."

Kaimu mwenyewe hakupanda. Awadhi alikaa mbele na dereva bila kugeuka, na wachezaji walipoanza kushuka ili watembee na mwalimu wao, Kaimu aliwafokea mpaka wakapanda tena. Kisha akashika njia kwa miguu, na hasira ilikuwa bado imemjaa, wala haikujua kwamba kazi yake imekwisha.

Alfajiri aliingia Chinongwe kwa mama yake. Bi Mwanne alikuwa anachochea moto. Alimsikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi, hakumkatiza hata mara moja.

"Umelipa kuku," alisema.

"Nimelipa."

"Kwa mpira."

"Si mpira, mama."

"Ni nini basi? Watu wale wamemzika babu yako. Wamemzika baba yako. Awadhi mwenyewe alilala ndani ya shimo akataka apewe koti la marehemu ndipo atoke, nami nikacheka na uchungu wangu, nikaweza kuamka kesho yake." Alipiga mwiko ukingoni mwa chungu. "Mimi nitazikwa na nani? Ehe? Niambie, wewe mwenye hasira. Nitazikwa na Felisian?"

Kaimu akachukua ndoo, akaenda kumchotea maji.

Nachingwea alirudi siku mbili baadaye, akaushusha waya ukutani na kumpa kila mchezaji nati yake mkononi. Awadhi akawa anapanga timu mwenyewe, kwa sauti, kutoka barazani kwake. Walifungwa na Masasi saba, wakafungwa na watoto wa shule, na mvua zilipoanza mpira ulikuwa unatumika kuegemeza mlango wa duka. Seleman alioa. Bibi harusi alipoulizwa kuhusu yale ya uwanjani alisema hakuwepo, siku ile alikuwa anasuka nywele.

Bi Mwanne alifariki katikati ya masika ya mwaka uliofuata. Felisian alikuja kutoka Mtwara kwa treni, na kutoka stesheni kwa miguu, na ndiye aliyechimba sehemu kubwa ya kaburi, kwa ile mikono yake, kwenye udongo mwekundu uliolowa. Alichimba vizuri. Hakuna aliyeweza kumlaumu kwa lolote. Lakini alipomaliza alitoka shimoni kwa adabu, akapangusa jembe, akasimama pembeni, maana hakuwa mtani na hakuwa na haki ya kufanya zaidi.

Watu wakangoja. Hakuna aliyesema wanangoja nini. Jeneza lilikuwa limewekwa chini, shehe ameshika tasbihi, na wazee walikuwa wanatazama njia inayotoka Nambambo.

Awadhi alikuja. Alikuwa amevaa kanzu safi na amekonda kidogo. Kaimu alimwona akikaribia shimo, akajikuta amekwisha kuvua koti lake, amelikunja, amelishika tayari, ili mtu huyo akijirusha mle ndani na kusema marehemu alikuwa bahili wa mihogo, kwamba hatoki, kwamba anataka koti, apewe koti.

Awadhi alisimama ukingoni. Alitazama chini kaburini kwa muda. Kisha akalizunguka taratibu, akafika mbele ya Kaimu, akanyoosha mkono.

"Pole sana, Bwana Kaimu," alisema.

"Ahsante, Bwana Awadhi."

Akaenda akakaa mwishoni mwa mkeka, pamoja na wageni. Bi Mwanne akashushwa, na hakuna aliyecheka.